Maabara ya Mtandao Ndani ya Laptopu: Kuta Kwanza, Mashambulizi Baadaye

Anayetaka kuijua kazi ya usalama wa mitandao anahitaji mtandao ambao ana haki ya kuuvunja. Wa ofisini si wake, wa chuo si wake, na Wi-Fi ya jirani hata kama haina nywila si yake. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, Kenya ina sheria yake ya mwaka 2018, na zote mbili zinamtia hatiani anayeingia kwenye mfumo wa mtu mwingine bila idhini. Kusema "nilikuwa najifunza" si idhini. Njia iliyo salama, tena inayofundisha zaidi, ni kujenga mtandao wako mwenyewe ndani ya kompyuta moja: ruta, swichi, seva, mlengwa na mshambuliaji, vyote vikiwa programu kwenye diski yako.

Nawaandikia wanafunzi wa TEHAMA na mafundi wachanga wa mtandao, hasa wale ambao chombo chao ni laptopu moja yenye RAM ya GB 8. Kuna jambo nataka mlishike kabla ya mengine yote. Katika maabara ya namna hii hakuna kebo ya kuchomoa. Kinachotenganisha mashine yenye virusi na picha za familia yako ni programu, na programu huwa na mipangilio iliyokosewa, huwa na dosari ambazo bado hazijagunduliwa. Kwa hiyo usiliamini jina la kitufe. Pima mwenyewe uone kama ukuta upo.

Tuanze na chombo. Wengi wenu mmepitia Packet Tracer ya Cisco, nayo ni nzuri kwa kujifunza anwani za IP, VLAN na njia za ruta. Lakini inaigiza tabia tu. Ruta unayoiona pale inajibu amri jinsi ruta ingejibu, ila msimbo halisi wa ruta haumo, na kwa kuwa msimbo haumo, dosari zake nazo hazimo. Hakuna cha kushambulia. GNS3 na EVE-NG hufanya kazi tofauti: zinawasha mfumo wenyewe wa ruta au wa seva juu ya vifaa vya kuigwa, na mfumo huo haujui kama uko ndani ya laptopu. GNS3 ilikua juu ya Dynamips, programu aliyoianzisha Christophe Fillot mwaka 2005 ili mfumo wa ruta za Cisco uweze kuendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida. Humo pakiti ni za kweli, hitilafu ni ya kweli, na shambulio likifaulu limefaulu.

Mifumo ya Cisco ina leseni. Tafadhali usipakue faili la ruta kutoka kwenye kundi la Telegram ambalo hujui aliyeliweka. Mbali na suala la haki ya mwenye mali, unaanza masomo ya usalama kwa kuwasha msimbo wa mtu usiyemjua. Badala yake, mifumo ya FRRouting na OPNsense ni huru, inapakuliwa kutoka kwa waundaji wenyewe, na inatosha kufundisha karibu kila kitu anachohitaji fundi wa mwaka wa kwanza na wa pili.

Kuhusu RAM, GB 8 si kikwazo kama watu wanavyodhani. Ingia kwenye BIOS uhakikishe VT-x au AMD-V imewashwa, kisha gawa kwa uangalifu: Kali, mashine ya mshambuliaji, ipe GB 2, Metasploitable 2, mlengwa wako, inatosheka na MB 512, na ruta iliyojengwa juu ya Alpine Linux itafanya kazi vizuri kwa MB 256. Ukihitaji mtandao wenye kompyuta thelathini, achana na mashine pepe kabisa. Kerneli ya Linux inaweza kugawa mtandao wake sehemu nyingi, kila sehemu ikiwa na kadi zake, jedwali lake la njia na fayawoli yake. Amri yake ni ip netns. Mininet, iliyotoka Chuo Kikuu cha Stanford, imejengwa juu ya uwezo huo huo, na itakuwashia mtandao mzima kwa sekunde chache kwenye mashine ambayo isingebeba Windows mbili.

Ila sehemu hizo zote zinashiriki kerneli moja, na hapo ndipo mpaka wa matumizi yake ulipo. Mwezi Februari 2019 ilitangazwa dosari ya runc, programu inayoendesha kontena za Docker ambazo nazo hushiriki kerneli, iliyopewa namba CVE-2019-5736. Kontena lenye nia mbaya liliweza kuandika juu ya runc yenyewe kwenye mashine mwenyeji na kupata mamlaka ya mzizi. Tumia njia hizi nyepesi kujifunza njia za ruta, fayawoli na ucheleweshaji. Programu hasidi usiziweke humo hata siku moja.

Sasa tuingie kwenye mipangilio ya kadi ya mtandao. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo maabara nyingi zinapovuja.

Hali ya daraja inaiingiza mashine pepe kwenye mtandao wa nyumbani au wa ofisini kama kifaa kamili. Ukiiwekea huduma ya DHCP kwa ajili ya zoezi, itawagawia na watu wengine. Kompyuta nyingi hukubali ofa inayofika kwanza. Mhasibu anawasha mashine yake asubuhi, anapewa geti lisilokuwepo, na malipo hayaendi. Fundi atahangaika na swichi na kebo nusu siku kabla ya kushuku laptopu ya mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Kwa mazoezi ya usalama, daraja lisahau.

NAT watu huiona salama kwa sababu walio nje hawawezi kuingia. Ni kweli, lakini hatari yetu iko upande mwingine: aliye ndani anaweza kutoka. Anafika intaneti, na mara nyingi anafika pia kwenye ruta ya nyumbani, simu na printa. Zaidi ya hapo, VirtualBox na mtandao wa mtumiaji wa QEMU humpa mgeni, yaani mashine pepe, mtandao wa 10.0.2.0/24, na anwani 10.0.2.2 ni ya mwenyeji, yaani laptopu yako. Kwa QEMU, na kwa mashine za VirtualBox zilizoundwa kwenye matoleo ya zamani, mgeni anayeiita anwani hiyo anaweza kuzifikia huduma zinazosikiliza kwenye 127.0.0.1 ya laptopu yako. Ile MySQL uliyoiacha bila nywila kwa sababu "iko ndani tu" inaonekana. Matoleo mapya ya VirtualBox yana mpangilio wa kuizuia njia hiyo, na QEMU ina chaguo la restrict. Hakikisha vimezuiwa.

Hali ya mwenyeji pekee haimpi mgeni intaneti, na wengi huishia hapo wakidhani wamemaliza. VirtualBox kwa kawaida huipa 192.168.56.0/24, na laptopu yako inakaa kwenye mtandao huo huo pamoja na mlengwa. Kama ni Windows na umeshirikisha folda, poti 445 yako iko wazi mbele ya kirusi.

Kinachobaki ni mtandao wa ndani, ambamo wageni wanaonana wao kwa wao na mwenyeji hana kadi humo. Mashine zote za kushambuliwa ziwe hapo. Kali ikihitaji masasisho, iongezee kadi ya pili ya NAT, sasisha, kisha ondoa alama kwenye kisanduku cha kebo ya kadi hiyo. Na kabla ya hapo hakikisha net.ipv4.ip_forward ni sifuri, la sivyo Kali yenye kadi mbili imegeuka ruta bila wewe kukusudia. Zima folda za pamoja, zima ubao wa kunakili wa pamoja, usiunganishe flashi. Hizo zote ni njia za kutokea ambazo fayawoli haizioni.

Halafu pima. Kwenye laptopu yenyewe fungua tcpdump kwenye kadi ya Wi-Fi, iambie isikilize anwani moja tu: tcpdump -ni wlan0 host 203.0.113.7. Anwani za 203.0.113.0/24 zimetengwa kwa ajili ya mifano ya maandishi, hakuna mwenye nazo, kwa hiyo pakiti yoyote inayokwenda huko imetoka kwako. Sasa nenda kwa mgeni ujaribu kuifikia anwani hiyo kwa ping, kisha kwa TCP poti 80, maana NAT nyingine hazipitishi ping na zitakupa matumaini ya uongo. Ukiona hata mstari mmoja kwenye tcpdump, ukuta una tundu. Rudia kwa IPv6 ukitumia 2001:db8::7, kisha tuma ping kwenda ff02::1 uone nani wanajibu kwenye waya ule. Watu hufunga IPv4 kwa umakini mkubwa na kusahau kwamba IPv6 imejipa anwani yenyewe kwenye kadi zote tangu mashine ilipowaka. Zoezi zima halichukui muda, nalo lirudiwe kila unapogusa mipangilio.

Maabara ikishafungwa, kosa linalofuata ni kuiacha iwe nzuri mno. Pakiti kati ya mashine mbili pepe hufika chini ya milisekunde moja na hakuna inayopotea. Hakuna ofisi ya wilaya yenye mtandao wa namna hiyo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora Afrika Mashariki kuanzia pwani hadi Rwanda. Siku kama ile haidhuru kasi peke yake. VPN inaunganika na kukatika mpaka wafanyakazi wanaizima ili kazi iende, kumbukumbu za mfumo hazifiki kwenye seva kuu, masasisho yanaishia katikati. Mfumo wa usalama uliojaribiwa kwenye waya msafi tu haujajaribiwa, na hili nalisisitiza kwa watu wanaotuuzia mifumo pia.

Linux ina netem kwa kazi hii. Kwenye ruta ya katikati andika tc qdisc add dev eth1 root netem delay 300ms loss 2%, na ghafla matawi yako mawili yako mbali. Milisekunde 300 kila upande ni kama mawasiliano ya setilaiti iliyo kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta, ambako safari ya kwenda na kurudi hukaribia milisekunde 600. Kuna mambo matatu ambayo wengi hujikwaa nayo. Netem hugusa pakiti zinazotoka kwenye kadi tu, kwa hiyo ukitaka ucheleweshaji pande zote weka amri kwenye kadi zote mbili za ruta. Upotevu usiuweke kwenye mashine inayotuma yenyewe, kwa sababu kerneli yake inaweza kujua kwamba pakiti imeanguka hapo hapo na TCP ikajibu tofauti na ingekuwa njiani. La tatu ni foleni. Netem kwa kawaida hushika pakiti 1,000 tu. Kwenye laini ya Mb 100 kwa sekunde, milisekunde 300 ni sawa na MB 3.75 zilizo njiani, yaani pakiti 2,500 za baiti 1,500. Pakiti 1,500 hazina pa kukaa, zinatupwa, nawe unadhani ni ile asilimia 2 uliyoagiza. Ongeza limit 5000 mwishoni mwa amri.

Programu hasidi halisi zisubiri. Najua zinavutia, lakini anayeanza hana haja nazo, na hata mzoefu hudanganyika nazo. Chukua WannaCry ya Mei 2017. Kabla ya kufanya lolote, kirusi kile kiliita jina la tovuti refu lisilo na maana, likijibu, kinajizima. Mtafiti Marcus Hutchins alilisajili jina hilo tarehe 12 Mei 2017 na uenezi ukapungua sana. Sasa fikiria maabara yako. Kama umeifunga kabisa, jina halijibu, kirusi kinaamka na kuanza kutafuta poti 445 za majirani, na kwenye mtandao wa mwenyeji pekee jirani mmojawapo ni laptopu yako. Kama umeweka INetSim, programu inayoigiza intaneti kwa kujibu kila ombi, jina linajibu, kirusi kinajizima, nawe unaandika ripoti kwamba faili halina madhara. Maabara mbili, majibu mawili yanayopingana, na yote yametokana na mpangilio wa DNS. Ndiyo maana nasema ujue kwanza mtandao wako unajibu nini, kisha ndipo ulete kirusi cha namna hiyo. Tena kiraka cha Microsoft cha dosari iliyotumiwa na WannaCry kilikuwa kimetoka Machi 2017, miezi miwili kabla.

Viraka vinatuleta kwa mwenyeji mwenyewe, yaani haipavaiza inayobeba mashine zote. Mwezi Mei 2015 Jason Geffner wa CrowdStrike alitangaza dosari iliyoitwa VENOM. Ilikuwa kwenye msimbo wa QEMU unaoigiza diski laini, zile za zamani za flopi, na ilikuwa imekaa humo tangu mwaka 2004. Hata pale msimamizi alipoondoa kiendeshi cha flopi kwenye mashine zake, katika baadhi ya mifumo msimbo ule ulibaki ukifikika. Mgeni aliweza kutoka ndani ya mashine pepe hadi kwa mwenyeji. Funzo la kiutendaji ni kwamba kila kifaa cha kuigwa ni mlango: ondoa kadi ya sauti, USB na chochote ambacho zoezi halikihitaji, na sasisha haipavaiza kabla ya kusasisha wageni. Laptopu ya maabara yenye mashine hatari isiwe ile unayofanyia miamala ya benki. Kama humudu mbili, nunua diski ya nje, uweke mfumo wa pili humo kwa ajili ya maabara, na diski ya ndani iwe imesimbwa.

Kwa wale ambao tayari mna seva za ESXi ofisini, Februari 2023 lilikuwepo wimbi la mashambulizi lililojulikana kama ESXiArgs. Washambuliaji walihusishwa na kutumia dosari ya huduma ya OpenSLP, CVE-2021-21974, ambayo kiraka chake kilitoka Februari 2021. Waliyafunga mafaili ya diski za mashine pepe na kudai fidia. Hawakuhitaji kuvunja seva moja moja. Walimfikia mwenyeji, na wageni wote wakaanguka pamoja. Mtandao wa usimamizi wa haipavaiza haupaswi kuonekana kwenye intaneti, wala kwenye VLAN ya wafanyakazi. Na mtu akifungua kusikiliza kila pakiti kwenye swichi pepe ili kitambuzi chake cha mashambulizi kifanye kazi, afungue kwenye kundi la poti la kitambuzi hicho peke yake, kwa sababu kila mashine iliyo kwenye kundi hilo itaweza kuona pakiti za majirani zake.

Snapshoti tunazipenda, na kwa umeme unaokatika bila taarifa ni sawa kuzipenda. Lakini snapshoti ya mashine iliyowaka ina RAM yote ndani yake: nywila uliyoandika dakika tano zilizopita, funguo za VPN, kila kitu. Usimtumie mwenzako faili hilo kabla ya kuizima mashine na kuchukua snapshoti mpya ikiwa imezimwa. Ukirudi nyuma miezi sita umerudisha pia dosari za miezi sita. Na ukinakili mashine moja kuwa kumi, zote zina ufunguo mmoja wa SSH na pengine anwani moja ya MAC. Futa mafaili ya funguo yaliyo kwenye /etc/ssh uyatengeneze upya, na iambie programu itoe MAC mpya kwa kila nakala.

Zoezi la kuanzia wikiendi hii ni hili. Weka Kali, ruta ya Alpine na Metasploitable 2 kwenye mitandao miwili ya ndani, na ongeza mashine ya nne yenye kitambuzi cha mashambulizi, Suricata, inayopokea nakala ya pakiti zote kutoka kwenye ruta. Metasploitable 2 ina vsftpd 2.3.4, toleo lililochezewa mwaka 2011: jina la mtumiaji likiishia na alama ya tabasamu, :), mlango unafunguka kwenye poti 6200. Andika sheria ya Suricata inayoitambua alama hiyo kwenye poti 21, shambulia, uone tahadhari. Kisha weka netem yenye upotevu wa asilimia 20 kati ya ruta na mlengwa, ushambulie mara kadhaa. Tahadhari zitaendelea kuja, kwa sababu TCP hutuma tena kilichopotea. Sasa hamishia asilimia 20 hiyo hiyo kwenye waya unaopeleka nakala kwa Suricata. Nakala haina anayeithibitisha kwamba imefika, kwa hiyo hakuna anayeituma tena, na baadhi ya mashambulizi yatapita kimya huku poti 6200 ikifunguka kila mara. Linganisha faili la pakiti la ruta na la kitambuzi, tafuta pakiti iliyokosekana, kisha nenda kazini Jumatatu uulize kitambuzi cha ofisi yako kinadondosha asilimia ngapi. Suricata huiandika hesabu hiyo yenyewe kwenye stats.log, mstari wa capture.kernel_drops.